Maji ya Mvua na Sura ya Nchi: Ufipa kutoka Intumba hadi Mtaro wa Zege

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioko kusini-magharibi mwa Tanzania kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, umeumbwa kwa namna inayokilazimisha kila kizazi kinachoukalia kuamua maji ya mvua yapite wapi na kwa mwendo gani. Sehemu kubwa ya uwanda huo iko kati ya mita 1,500 na 2,100 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya safu ya Mbizi, iliyo jirani na mji wa Sumbawanga, huvuka mita 2,400. Lakini upande wa mashariki nchi hukatika ghafla katika mteremko mkali uitwao Lyambalyamfipa na kuangukia bonde la ufa, ambako Ziwa Rukwa limelala katika kimo cha mita 800 hivi. Katika bonde hilo ndiko viliko vijiji vya Kaoze, Mtowisa na Muze, ambavyo mbali na mvua yao wenyewe hukabiliana pia na maji na udongo unaoletwa na mito kutoka nchi ya juu. Mvua huanza mwezi wa Novemba na kukoma Aprili, kisha hufuata miezi mirefu ya kiangazi, kwa hiyo maji yote ambayo watu, mifugo na mimea watayategemea kwa mwaka mzima hushuka katika nusu moja ya mwaka, na mara nyingi hushuka kwa vishindo vya alasiri vinavyomwaga maji mengi katika muda mfupi.

Katika nchi ya namna hiyo, swali la uzuri wa mandhari na swali la usimamizi wa maji ya mvua ni vigumu kutenganishwa. Hata hivyo, katika miji ya leo maswali hayo mawili yamegawanywa: uzuri umeachiwa bustani ya mbele ya ofisi na miti ya kando ya barabara, nayo maji yamekabidhiwa mtaro, yaani mfereji uliochimbwa na kujengewa kwa mawe au zege ili kuyaondoa mjini haraka iwezekanavyo. Wataalamu wa usanifu wa mandhari, taaluma inayoshughulikia mpangilio wa ardhi ya wazi, mimea, njia na maji katika makazi ya watu, wameanza kuukataa mgawanyo huo. Stuart Echols na Eliza Pennypacker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, waliochapisha kitabu juu ya jambo hilo mwaka 2015, wameeleza kwamba njia ya maji ya mvua inaweza kubuniwa ili ionekane, ieleweke na imfurahishe mpita njia, huku ikitimiza kazi yake ya kupunguza mafuriko na kusafisha maji. Hoja hiyo inazungumzwa kama jambo jipya. Katika Ufipa ina historia ndefu, ingawa historia hiyo imeandikwa kwa jembe mashambani, na ni nadra kuhesabiwa miongoni mwa sanaa za kubuni mandhari.

Msingi wa historia hiyo ni intumba, matuta ya duara ambayo Wafipa walilimia juu ya nyika zao. Uwanda wa juu wa Ufipa kwa sehemu kubwa ni nchi ya majani, yenye miti michache, na jambo hilo liliutofautisha ukulima wa Wafipa na ule wa majirani zao wa kusini, hasa Wabemba, ambao waliishi katika misitu ya miombo na wakalima kwa kukata matawi, kuyarundika na kuyachoma ili majivu yarutubishe udongo. Mfipa hakuwa na matawi ya kutosha kuchoma. Alichokuwa nacho ni majani, na ubunifu wake ulikuwa kuyazika majani hayo badala ya kuyatia moto. Kati ya Februari na Aprili, mvua zikielekea ukingoni na ardhi ikiwa bado laini, wakulima waliingia katika nyika iliyoota majani marefu, wakaparua tabaka la juu la udongo pamoja na mizizi yake kwa jembe pana la mkono, wakaligeuza juu chini na kulipanga kwa mviringo juu ya majani yaliyolazwa, hadi pakasimama kilima kidogo chenye upana wa takriban mita moja au zaidi. Ndani ya kilima hicho majani yalioza polepole wakati wa kiangazi, na juu yake, katika msimu huo wa kwanza, zilipandwa kunde au maharage, ambayo mizizi yake huongeza rutuba. Mvua za Novemba na Desemba zilipowadia, intumba zilibomolewa, udongo wake mweusi ukasambazwa shambani, na ulezi, nafaka kuu ya Wafipa wa zamani, ukasiwa juu yake.

Maelezo ya intumba mara nyingi huishia kwenye rutuba, na kwa kweli rutuba ndiyo sababu iliyo rahisi kuonekana. Lakini shamba la intumba ni pia mtambo wa maji. Tone la mvua linaloanguka kwenye ardhi iliyo tupu na sawasawa huanza kutiririka mara udongo unaposhindwa kulinywa, na kadiri mteremko unavyokuwa mrefu bila kizuizi ndivyo mtiririko unavyopata kasi, na maji yenye kasi hubeba udongo mwingi zaidi kuliko maji yanayojivuta. Intumba huikata safari hiyo kabla haijaanza. Maji yanayoteremka ubavuni mwa kilima kimoja hufika kwenye kibonde kilicho kati yake na vilima vya jirani, na kwa kuwa vilima havikupangwa katika mistari iliyonyooka inayofuata mteremko, hayapati njia ndefu ya kukimbilia. Hutulia, huacha udongo uliochukuliwa, na kupenya chini taratibu. Hata katika kipindi kilicho cha hatari zaidi, yaani baada ya intumba kubomolewa na kabla ulezi haujaifunika ardhi, udongo uliojaa majani yaliyooza huwa na chembe zilizoshikana kwa ulegevu na nafasi nyingi ndani yake, kwa hiyo hunywa maji vizuri kuliko udongo uliochoka.

Kisha kuna sura yenyewe. Shamba lililotengenezwa mwishoni mwa masika lilibadilisha mlima mzima kutoka rangi ya majani yanayokauka kuwa madoa meusi ya udongo mpya, mamia kwa mamia, kila moja likiwa na kivuli chake jua linapoelekea kuzama juu ya Ziwa Tanganyika. Ukubwa wa intumba ulifuata kipimo cha mwili wa mtu, kwa maana mviringo wake hauwezi kuzidi mahali ambapo mlimaji anafikisha jembe lake, na mpangilio wake ulifuata umbo la mlima wenyewe. Kazi hiyo ilifanywa kwa pamoja, mwenye shamba akiwakaribisha majirani na kuwaandalia pombe ya ulezi, kwa hiyo ubora wake ulionekana na kupimwa na macho ya kijiji kizima. Shamba lililolimwa vizuri lilikuwa heshima ya wazi, na lililolimwa ovyo lilijifichua lenyewe mvua ya kwanza ilipoanguka. Hapa ndipo ulipo uzuri ambao wasanifu wa mandhari wa sasa wanautafuta kwa juhudi kubwa: umbo ambalo mtu yeyote anaweza kulitazama na kuelewa, bila maelezo ya maandishi, maji yanakwenda wapi na kwa nini.

Ufipa haikuwa peke yake katika hekima hii. Wamambwe, majirani walioko upande wa kusini hadi ndani ya Zambia ya leo, walijenga matuta ya majani yaliyofanana sana na intumba. Mbali zaidi, katika milima ya Mbinga mkoani Ruvuma, Wamatengo waliunda ngoro, vishimo vya mraba vilivyozungukwa na kuta za udongo uliofukia majani, vikiwa vimepangwa ubavuni mwa milima mikali. Ngoro hukusanya maji ndani ya shimo na kuotesha mazao juu ya ukuta; intumba huotesha mazao juu ya kilima na kukusanya maji pembeni yake. Kanuni ni ileile, na tofauti yake inatokana na mteremko: milima ya Umatengo ni mikali kiasi kwamba maji yasiyotiwa shimoni yangeuchukua mlima wote, ilhali uwanda wa Ufipa, wenye mabonde mapana na miinuko ya taratibu, uliruhusu mfumo ulio wazi zaidi. Kwa macho ya msanifu, ngoro ni wavu uliotandazwa juu ya mlima na unaoweza kuonekana kutoka mbali. Intumba humtaka mtazamaji aingie shambani.

Kazi ya kugeuza nyika kwa kiasi hicho ilihitaji chuma, na Ufipa ilikuwa moja ya nchi za wahunzi mashuhuri katika Afrika Mashariki. Himaya ndogo ya Milansi, ambayo mapokeo ya Wafipa huihesabu kuwa kongwe kuliko falme za Nkansi na Lyangalile zilizokuja kuitawala nchi baadaye, ilihusishwa na uhunzi. Chuma kiliyeyushwa kwanza katika ilungu, tanuri la udongo lenye kimo cha mita 3 hivi ambalo lilivuta hewa lenyewe bila mivukuto, kisha kikasafishwa katika tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Malungu kadhaa bado yamesimama katika mashamba ya Ufipa, ingawa kazi yenyewe ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 baada ya majembe ya kiwandani kuenea. Uhusiano wa tanuri na tuta la udongo haupaswi kupuuzwa, kwa sababu jembe la Ufipa lilikuwa pana na zito, na bila jembe la aina hiyo tabaka la majani na mizizi lisingegeuzwa kwa wingi uliohitajika. Vilevile makaa ya kuyeyushia chuma yalikula miti, kwa hiyo mhunzi aliyemwezesha mkulima kuizuia mvua alikuwa pia na sehemu yake katika kupunguza vichaka vya nchi hiyo.

Wageni kutoka Ulaya waliopita Ufipa katika karne ya 19, akiwemo David Livingstone mwaka 1872 katika safari yake ya mwisho na Joseph Thomson mwaka 1880, waliandika zaidi juu ya njia, watawala na maziwa. Thomson ndiye Mzungu wa kwanza anayejulikana kuliona Ziwa Rukwa, naye alilipa jina la mfalme wa Ubelgiji, jina ambalo halikudumu. Wajerumani waliweka kituo chao Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakakiita Bismarckburg. Utawala wa Waingereza, uliofuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndio uliokuja na hofu kubwa ya mmomonyoko wa udongo, hofu iliyochochewa na vumbi la nyanda za Marekani katika miaka ya 1930 na kuenea katika makoloni yote. Katika Tanganyika hofu hiyo ilizaa amri za kuchimba matuta, kujenga ngazi za milimani na kupunguza mifugo. Amri hizo ziliwachosha watu, na katika milima ya Uluguru, ambako wakulima walilazimishwa kuchimba ngazi katika udongo mwembamba, upinzani ulifikia ghasia mwezi wa Julai 1955.

Ufipa ilikuwa mahali ambapo maofisa wa kilimo walilazimika kujifunza. Mwaka 1950 jarida la kilimo la Afrika Mashariki lilichapisha makala fupi ya M. Lunan juu ya kilimo cha matuta cha Wafipa, na hivyo kazi iliyokuwa ya kawaida kwa kila mwanakijiji ikapata nafasi katika maktaba za wataalamu. Hata hivyo kuandikwa huko hakukuuvusha ujuzi wa intumba kutoka shambani kuingia mjini. Maofisa waliosifu namna mkulima anavyoyazuia maji walikuwa na wenzao, katika idara za ujenzi na afya, waliofundishwa kinyume chake kabisa.

Mafundisho hayo yana chimbuko lake. Mwaka 1889, mhandisi Emil Kuichling wa mji wa Rochester, Marekani, alichapisha kanuni ya kukadiria maji yatakayopita kwenye mfereji kwa kuzidisha ukali wa mvua, eneo la ardhi na kigezo kinachoonyesha ni sehemu gani ya mvua itatiririka badala ya kupenya. Kanuni hiyo ni nyepesi na yenye manufaa, na hadi leo hutumiwa sehemu nyingi duniani, lakini inayatazama maji kama kiasi cha kupitishwa tu. Miaka 8 baadaye, mwaka 1897, Ronald Ross aligundua nchini India kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na kuanzia hapo dimbwi likawa adui wa tabibu kama lilivyokuwa adui wa mhandisi. Mji wa kikoloni ulijengwa juu ya mafundisho haya mawili: barabara zilizonyooka, viwanja vilivyopimwa, na mitaro iliyonyooka pembeni ili maji yasisimame. Si haki kuwalaumu waliochimba mitaro hiyo kana kwamba walikosa akili, kwani watoto waliokufa kwa malaria walikuwa wengi, na dimbwi lililosimama wiki nzima bila kukauka lilikuwa hatari ya kweli. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kuna hali mbili tu, maji yaliyosimama na maji yaliyofukuzwa. Kibonde cha intumba kilikuwa tayari kinaonyesha hali ya tatu, yaani maji yanayotulia kwa muda kisha yakapotelea ardhini.

Sumbawanga ilikua juu ya uwanda huo ikiwa mji wa serikali, soko na kanisa, na ukuaji wake uliongezeka baada ya Mkoa wa Rukwa kuundwa mwaka 1974 na mji huo kufanywa makao makuu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 200,000 katika manispaa yake. Badiliko lililokuwa na athari kubwa kwa maji lilikuja kimyakimya juu ya vichwa vya watu, nalo ni bati. Paa la nyasi hunyonya mvua ya kwanza na kuidondosha taratibu, lakini paa la bati huitupa yote papo hapo. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya paa lenye ukubwa wa mita za mraba 100 ni lita 100 za maji, na mvua ya milimita 900 katika msimu mmoja ni lita 90,000 kutoka nyumba moja. Zidisha kwa maelfu ya nyumba, ongeza ua uliofagiliwa hadi ukawa mgumu, ongeza barabara ya lami, na itaeleweka kwa nini mchirizi mdogo wa kando ya njia, uliotosha kizazi kilichopita, hugeuka korongo katika kizazi hiki.

Nje ya mji, mashamba nayo yalikuwa yakibadilika. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ilihimiza kilimo cha mahindi katika mikoa minne ya kusini, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, kwa mbegu bora na mbolea ya ruzuku, na mikoa hiyo ikawa ghala la taifa. Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilienea Ufipa kwa kasi, kwa kuwa uwanda wake unaifaa. Faida ya mabadiliko hayo haina ubishi: familia iliweza kulima eneo kubwa bila kuvunjika mgongo, na mahindi ya Rukwa yalilisha watu wa mbali. Lakini plau hupenda mstari mrefu, na mstari huo unapoelekea bondeni huwa mfereji kila mvua inapoanguka. Ulezi ulipungua, nyika ya kupumzisha ardhi ikapungua, na intumba zikabaki katika sehemu zilizo pembezoni na katika mashamba madogo ya viazi na maharage. Makinga maji, yaani matuta marefu yanayochimbwa kufuata usawa wa mteremko ili kuyazuia maji, yalifundishwa na mabwana shamba kama dawa, nayo ni dawa nzuri pale yanapotunzwa. Tofauti yake na intumba ni kwamba yaliongezwa shambani kama kazi ya pili, na kazi ya pili ndiyo ya kwanza kuachwa wakati mikono inapokuwa michache.

Karne ya 21 imeiletea Sumbawanga zege nyingi. Barabara ya kutoka Tunduma, yenye urefu wa kilomita zipatazo 224, ilijengwa kwa lami kwa fedha za msaada wa Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008, na kuimaliza safari iliyokuwa mateso ya masika. Baada ya hapo mitaa ya mji ilianza kupata lami, taa na mitaro ya mawe, chini ya mipango ya kuimarisha miji iliyoanza mwaka 2012 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na tangu mwaka 2017 kazi ya barabara za mijini na vijijini imekuwa chini ya TARURA, wakala wa serikali ulioundwa kwa ajili hiyo. Mtaro wa mawe uliojengwa vizuri una uzuri wake, na fundi anayepanga mawe kwa jicho, bila mashine, akaacha ukuta ulionyooka wenye viungo vilivyojaa saruji, anastahili kuheshimiwa. Kinachokosekana ni fikra ya mahali maji yanapokwenda. Mtaro hupimwa kwa kuangalia kama mtaa uliopo juu umekauka. Ni mara chache hupimwa kwa kuangalia mtaa wa chini, na hata mara chache zaidi kwa kuangalia kijito unakomwagia. Nyumba nyingi hazina njia ya kuvukia mtaro ila ubao au jiwe lililolazwa, na kiangazi mtaro huwa mahali pa taka, kwa sababu kitu kisicho na sura wala matumizi kwa miezi 6 hugeuzwa jalala.

Maji ya mji wa Sumbawanga na viunga vyake yana historia ya aina nyingine pia, inayoanzia juu ya mji. Msitu wa Mbizi, ambao ni kipande kilichobaki cha msitu wa mlimani katika nchi ya majani, ni hifadhi na chanzo cha vijito, na ndani yake wanaishi mbega wekundu ambao ni nadra katika sehemu nyingine za Tanzania. Msitu huo hufanya kwa miti kile ambacho intumba zilifanya kwa udongo: hupokea mvua kwa majani, huipitisha kwenye tabaka la matawi na majani yaliyooza, na kuiachilia polepole hadi ndani ya kiangazi. Mito kama Lwiche, unaopita katika eneo la Sumbawanga kabla ya kuuelekea mteremko wa Rukwa, huunganisha msitu, mji na bonde katika mstari mmoja. Tambarare za kando ya mto zilizo na unyevu, ambazo watu hulima mboga wakati wa kiangazi kama wenzao wa Iringa na Njombe wanavyolima vinyungu, ni mahali ambapo mafuriko yalipaswa kupumzika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji, na kwa msanifu wa mandhari mita hizo 60 ni zawadi kubwa, bustani ya mji mzima ambayo tayari imetengwa kisheria. Katika miji mingi ya Tanzania ukanda huo bado unachukuliwa kama marufuku tu, kwa hiyo unaachwa bila umbo, na ardhi isiyo na umbo huvamiwa.

Chini ya Lyambalyamfipa hali hubadilika kabisa. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka; maji yanayoingia huondoka kwa mvuke peke yake, na kwa kuwa ni ziwa lenye kina kifupi, miaka michache ya mvua nyingi hulipanua kwa kilomita nyingi na miaka michache ya ukame hulirudisha nyuma. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962, zilizopandisha maziwa ya Afrika Mashariki kwa ujumla, hukumbukwa katika nchi nyingi za ukanda huu. Tambarare za majani zilizo kando ya Rukwa, zinazofurika na kukauka kwa zamu, zilikuwa moja ya sehemu ambako nzige wekundu walizaliana kabla ya kuenea kusini na mashariki mwa Afrika katika janga la miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, na kwa sababu hiyo mwaka 1949 liliundwa shirika la kimataifa la kudhibiti nzige hao, makao yake yakiwa Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia. Kwa watu wa Kaoze na vijiji vya jirani, mto unaoshuka kutoka nchi ya juu umekuwa baraka na tishio kwa pamoja. Udongo unaoletwa na mafuriko ya wastani hurutubisha mashamba ya mpunga na mahindi, ilhali mafuriko makali huhamisha mkondo, hufukia shamba kwa mchanga na kulijaza ziwa tope. Kila mtaro unaoharakisha maji katika uwanda wa juu, na kila mstari wa plau unaoelekea bondeni, unaongeza kitu katika hesabu hiyo, japo kidogo kidogo na bila mtu yeyote kukusudia.

Hapa ndipo historia ya Ufipa inapokutana na mjadala wa dunia. Msanifu wa China Kongjian Yu, aliyezaliwa katika familia ya wakulima katika jimbo la Zhejiang, alieneza wazo la mji unaofyonza maji, na wazo hilo lilikubaliwa kuwa sera ya taifa katika miaka ya 2010. Yeye mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba alijifunza kutoka kwenye madimbwi, matuta na ngazi za mashamba ya wakulima, kisha akaipeleka elimu hiyo kwenye bustani za miji mikubwa. Jiji la Copenhagen, baada ya mvua ya Julai 2011 kulifurisha, lilipanga upya viwanja na mitaa yake ili baadhi ya sehemu zifurike kwa makusudi na kwa muda. Hakuna sababu ya Sumbawanga kungoja wazo hilo lirudi kutoka nje likiwa na jina geni, wakati umbo lake lipo katika mashamba ya wazee wake. Bustani ya mvua, ambayo ni shimo pana lisilo na kina kirefu lililopandwa mimea inayostahimili maji na ukame, lililopangwa linywe maji yote kwa siku moja au mbili kabla mbu hawajapata muda wa kukua, ni kibonde cha intumba kilichohamishiwa kando ya barabara.

Mahali pa kuanzia si pa kutafuta. Shule, makanisa, misikiti, hospitali na masoko ndiyo yenye mapaa makubwa kuliko yote mjini, na ndiyo yenye ua mpana unaokanyagwa hadi ukawa mgumu kama sakafu. Katika ua wa namna hiyo, maji ya paa yanaweza kupelekwa kwanza kwenye tangi la matumizi ya kiangazi, kisha yanayozidi yakasambazwa katika safu za vilima vidogo vilivyopandwa majani, miti ya matunda au mboga, vikiwa vimepangwa kwa kupishana kama wakulima walivyovipanga, na yale yanayobaki baada ya hapo ndiyo yaingie mtaroni. Mtaro wenyewe unaweza kujengwa kwa ngazi fupi fupi zinazoyapunguza maji mwendo katika sehemu za mteremko, ukaachwa wazi chini kwa mawe yasiyounganishwa kwa saruji pale udongo unaporuhusu, na ukavukwa kwa vidaraja imara mbele ya kila nyumba. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, ambayo mamlaka yake yanahesabiwa kwa mipaka ya maji badala ya mipaka ya wilaya, tayari inalihudumia bonde lote kuanzia vyanzo vya juu hadi ziwani. Manispaa ina viwanja na vibali vya ujenzi, TARURA ina mitaro, na mamlaka ya maji ya mji ina mabomba. Ramani ambayo ingeonyesha mapaa ya Sumbawanga, mitaro yake, ukanda wa mita 60 wa Lwiche na mashamba ya bonde la Rukwa katika karatasi moja ingehitaji sahihi za taasisi hizo zote, pamoja na wazee wa Ufipa ambao bado wanajua kwa mikono yao upana wa intumba na mwezi wa kuianza.